Panya viziwi wamesikia tena. Je, mwanangu asubiri?

SWALI: Binti yangu ana miaka miwili na nusu, hasikii tangu azaliwe. Alipokuwa mchanga alipata manjano makali, akalazwa karibu wiki nzima chini ya taa. Hospitali wamesema ni uziwi wa sikio la ndani na wametushauri kipandikizi, kile kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ndani ya sikio, ila gharama yake inatisha. Shemeji yangu ametutumia habari kwenye simu kwamba panya waliozaliwa viziwi walipigwa sindano wakasikia, na watoto huko China nao wamesikia. Mume wangu anasema tusubiri dawa hiyo. Mimi najiuliza, panya na mtoto wapi na wapi? Na wanajuaje kwamba panya anasikia? (Mama Salma, Tanga)

JIBU: Mama Salma, poleni wewe na mzee kwa mtihani huu. Nianze na la mume wako maana ndilo lisilongoja: msisubiri. Habari aliyowatumia shemeji ni ya kweli, lakini imewafikia nusu. Na katika nusu iliyobaki limo jambo ambalo huenda likamhusu Salma mwenyewe, nanyi hamtalijua mpaka mzitazame tena karatasi za vipimo vyake. Nitafika hapo. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Sikio la ndani limezikwa ndani ya mfupa ulio mgumu kuliko mwingine wowote mwilini. Mgonjwa wa ini au wa figo, daktari humkata kinyama kidogo akakipeleka maabara kikachunguzwa. Kwenye koklea, kile kiungo kilichojisokota ambacho ndicho hasa kinachosikia, hilo haliwezekani. Ukikata hapo umemmalizia mgonjwa usikivu wote aliobaki nao. Masikio ya maiti nayo yana mipaka yake. Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi la sauti linavyosafiri ndani ya koklea, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye masikio ya watu waliokwisha kufa. Aliliona wimbi kweli, lakini alilolio­na lilikuwa limepoa. Sikio lililo hai lina nguvu zake lenyewe za kuikuza sauti hafifu, na nguvu hizo huzimika pamoja na mwenye nazo. Mtafiti akitaka kuziona, lazima apate sikio linaloishi.

Hapo ndipo panya anapoingia. Usimfikirie panya buku wa Morogoro anayenusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Huyu wa maabara ni yule mdogo kabisa, uzito wake gramu 20 na kitu. Mimba yake ni siku 20 hivi, na umri wake ni miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo uziwi wa uzeeni ambao kwa binadamu ungengoja miaka 60 kuuona, kwa panya unauona kabla mwanafunzi wako hajamaliza shahada. Sikio lake lote la ndani, mfupa na kila kitu, ni kama punje ya mchele. Ukiinyoosha koklea yake unapata milimita 6, yetu inafika 35 hivi. Seli nywele, yaani zile seli zenye vinyweleo zinazoihisi sauti, yeye anazo kama 3,000 katika kila sikio, sisi kama 15,000.

Lakini mpangilio ni ule ule. Safu moja ya seli nywele za ndani, safu tatu za nje. Za nje kazi yake ni kuikuza sauti, za ndani ndizo zinazoipokea na kuipasha neva ya usikivu, nayo neva inapeleka ubongoni. Protini zinazozijenga seli hizo ni zile zile, na karibu kila jeni ya binadamu ina mwenzake kwa panya. Tofauti kubwa iko kwenye sauti zenyewe: sisi tunasikia kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, panya anaanza kwenye 1,000 hivi na kupanda hadi kukaribia 100,000. Besi ya ngoma panya haijui. Na watoto wake wakimlilia mama yao kiotani, sisi tuliosimama pembeni hatusikii kitu.

Isitoshe, uziwi wa panya haukutengenezwa na maabara. Huko Japani watu walikuwa wakifuga panya wa mapambo wanaozunguka wakijifukuza mkia mchana kutwa, na walipofikishwa Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wanasayansi waligundua kwamba panya hao wacheza dansi ni viziwi. Sababu ya dansi na sababu ya uziwi ni moja: kiungo cha mizani kinakaa jirani na koklea na kinatumia seli nywele vilevile. Seli zikiharibika kotekote, mnyama hasikii na tena hajui juu ni wapi. Panya wengine wa aina hiyo walipatikana baadaye, wakitikisa vichwa bila kukoma. Mwaka 1995 kikundi cha Uingereza walichokuwamo Steve Brown na Karen Steel kiliipata jeni iliyoharibika kwa panya hao watikisa vichwa, na mwaka huo huo Christine Petit wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris na wenzake wakaikuta jeni ile ile imeharibika katika familia zenye ugonjwa wa Usher. Watoto wa Usher wa aina hiyo huzaliwa viziwi, huchelewa kutembea kwa sababu ya mizani, kisha miaka inavyokwenda macho nayo hufifia, kuanzia kuona usiku.

Naomba nikuulize kidogo hapa. Salma alianza kutembea lini? Mtoto kiziwi aliyetembea baada ya mwaka mmoja na nusu anastahili kuchunguzwa macho pia. Kama alitembea kwa wakati, basi hili liwekeni kando.

Na hapo hapo panya anatuonyesha pale anapoishia. Yule mtikisa kichwa, mwenye jeni ile ile iliyoharibika, haoni vibaya. Macho yake hayafi kama yanavyokufa ya mtoto wa Usher. Mtu aliyemsoma panya peke yake angewaambia wazazi wasihofie macho, na angekuwa amewapotosha.

Sasa la pili: wanajuaje kwamba anasikia? Njia ya kale ni kupiga mlio mkali ghafla na kutazama kama masikio yanacheza. Inatosha kumtofautisha kiziwi kabisa na mzima, zaidi ya hapo haisemi kitu. Kipimo chenyewe ni kile cha mwitikio wa shina la ubongo, ambacho madaktari wa masikio wanakiita ABR au BERA, na nitakieleza kwa kirefu kwa sababu Salma amekifanyiwa.

Panya hupigwa sindano ya usingizi, mara nyingi ketamini ikichanganywa na dawa nyingine, kisha hulazwa juu ya kitanda chenye joto. Joto hilo lina sababu. Panya aliyelala mwili wake hupoa upesi, na aliyepoa majibu yake ya sauti huchelewa. Mtafiti mgeni anaweza kudhani amegundua ugonjwa kumbe amegundua baridi. Macho hupakwa mafuta maalumu yasikauke, maana akiwa katika usingizi huo hayafumbi. Kisha sindano nyembamba huchomekwa chini ya ngozi, moja utosini, moja nyuma ya sikio, na nyingine karibu na mkia. Spika ndogo huwekwa mlangoni mwa sikio na kutoa mlio mfupi mno, ukirudiwa mara mamia, na kompyuta inajumlisha umeme hafifu unaojibu kila mlio. Kwenye skrini vinatokea vilima, kimoja baada ya kingine, vyote ndani ya muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Kilima cha kwanza ni neva ya usikivu. Vinavyofuata ni vituo vya shina la ubongo, sauti inavyopanda. Mtafiti anapunguza sauti desibeli tano tano huku vilima vinanywea, mpaka vinapotea. Kiwango cha mwisho kilichotoa kilima ndicho kizingiti cha usikivu wake. Panya kiziwi hata umfikishe desibeli 90, mstari unabaki bapa.

Salma alifanyiwa hayo hayo, ila yeye alibandikwa vibandiko badala ya sindano, na pengine alipewa dawa ya kunywa alale. Mashine ni jamaa moja na vilima ni vile vile. Ndiyo maana matokeo ya panya yanaweza kuwekwa mezani karibu na ya mtoto yakalinganishwa, jambo ambalo katika magonjwa mengi haliwezekani.

Kuna kipimo cha pili, cha mwangwi wa koklea, kinachoitwa OAE. Mwaka 1978 David Kemp jijini London alionyesha kwamba sikio zima hutoa sauti yake lenyewe. Zile seli nywele za nje zikifanya kazi ya kukuza, sehemu ya nguvu hiyo hurudi nje, na kipaza sauti kidogo kikiwekwa kwenye tundu la sikio kinainasa. Mwangwi ukiwapo, seli za nje ziko hai.

Sasa viunganishe vipimo hivyo viwili, maana hapa ndipo jambo lako lilipo. Mtoto ambaye OAE haipo na ABR ni bapa, koklea yake imeharibika. Lakini wapo ambao OAE ipo, tena nzuri, na ABR ni bapa. Koklea inafanya kazi na habari haifiki ubongoni. Hali hiyo ina sababu kadhaa, na mbili ndizo zinazokuhusu. Ya kwanza ni manjano makali ya utotoni: ile rangi ya manjano ikizidi kwenye damu hupenya na kuumiza neva ya usikivu na vituo vyake katika shina la ubongo, huku koklea ikisalimika. Ya pili ni kuharibika kwa jeni ya otoferlini. Na tiba aliyowatumia shemeji yako, ya panya na ya watoto wa China, ni ya otoferlini peke yake.

Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1999 na kikundi cha Petit, kutokana na familia za Lebanoni. Mwaka 2006 walitengenezwa panya wasiokuwa nayo, na siri ikafichuka. Seli zao za ndani zilikuwa zimekaa kwenye safu yake, nzima. Sauti ikiingia, zinaamka kama kawaida. Kinachoshindikana ni hatua ya mwisho, kumwaga ile kemikali inayoiamsha neva. Mjumbe amefika mlangoni na hana sauti ya kubisha hodi.

Kurekebisha jeni hii kulikuwa na kikwazo cha ajabu kidogo, cha ukubwa wa mzigo. Gari la kuibeba jeni hadi ndani ya seli ni virusi vidogo visivyomletea mtu ugonjwa, AAV, na mzigo wake haupiti herufi 5,000 za jeni. Otoferlini ina herufi kama 6,000. Basi watafiti waliikata vipande viwili, kila kipande kikapanda gari lake, na vikaunganishwa vikishafika ndani ya seli. Mwaka 2019 vikundi viwili, kimoja kikiwa cha Göttingen, Ujerumani, na kingine cha Wafaransa pamoja na Wamarekani, vilitangaza kwamba panya wao wamesikia. Nilichokiangalia mimi katika matokeo hayo, kabla ya kizingiti na kabla ya vilima, ni umri. Kikundi cha pili kilifanikiwa hata kwa panya wa siku 30.

Kwa nini umri? Kwa sababu panya huzaliwa sikio lake halijaiva. Wote, hata wazima, huzaliwa hawasikii, na huanza kusikia wakiwa na siku 12 hivi. Binadamu huanza kusikia akiwa bado tumboni. Kwa hiyo mtafiti anayempa panya dawa siku anayozaliwa, au ya pili yake, anatibu sikio ambalo kwa binadamu lingekuwa la mimba changa. Habari nyingi za "panya viziwi wasikia" zinahusu panya wa umri huo, na waandishi hawalitaji kwa sababu hawakuambiwa au hawakuona umuhimu wake. Ukiletewa tena habari ya namna hii, uliza mambo mawili: panya alikuwa na siku ngapi, na seli zake zilikuwa hai au zimekufa? Panya wa otoferlini walipita yote mawili. Walikuwa wamekua, na seli zilikuwa hai zikingoja protini moja tu.

Ndiyo maana ikawezekana kwa watoto. Januari 2024 madaktari wa hospitali ya macho, masikio, pua na koo ya Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, wakiongozwa na Shu Yilai na kushirikiana na Chen Zheng-Yi wa Boston, walichapisha matokeo ya watoto sita waliotibiwa sikio moja moja. Watano walipata kusikia. Baadaye walitibu wengine masikio yote mawili, na majaribio mengine yakafanyika Marekani na Ulaya. Katika kazi yangu sijaona tiba ya sikio iliyotoka kwa panya hadi kwa mtoto kwa unyofu kama huu.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Jeni zinazojulikana kuleta uziwi zimepita 100, na otoferlini ni ya asilimia chache tu ya wanaozaliwa viziwi. Kwa wengi waliobaki, hasa waliopoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo au kwa dawa, seli nywele zimekufa. Ndege kama kuku, seli zao zikifa huota nyingine. Vikundi viwili vilionyesha hivyo mwaka 1988, na tangu wakati huo watu wanajaribu kumfundisha mnyama anyonyeshaye kufanya hivyo. Panya mchanga wa siku chache ana uwezo kidogo, kisha unatoweka. Kampuni moja ya Marekani ilitengeneza dawa ya kuamsha uwezo huo, ikajaribu kwa watu wazima, ikatangazwa sana, na mwaka 2023 jaribio lake kubwa likaonyesha kwamba haina tofauti na maji. Mradi ukafungwa. Panya walikuwa wametoa ahadi nzuri tu.

Na kama ni manjano yaliyomuumiza Salma, otoferlini yake ni nzima. Kumwekea nyingine hakutamsaidia kitu.

Kuna dawa pia ya kuuliza. Mtoto mchanga aliyelazwa na manjano mara nyingi huhofiwa kuwa na maambukizi ya damu, na akihofiwa hivyo hupigwa jentamaisini. Dawa hiyo huokoa maisha ya wachanga kila siku, sitaki mtu asome hapa akamkatalia muuguzi. Lakini ina uwezo wa kuua seli nywele, hasa ikizidi kipimo au ikikaa mwilini kwa figo kushindwa kuitoa. Umwone panya sasa: mpige jentamaisini panya mkubwa, hapati neno. Sikio lake linaistahimili, na watafiti wakitaka kumharibu lazima wamwongezee dawa ya kukojoza kama furosemaidi ndipo imdhuru. Tungemsikiliza yeye peke yake tungesema dawa ni salama kabisa. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliopigwa sindano za kanamaisini na amikasini kwa miezi, kabla matibabu hayajahamia kwenye vidonge, wanaweza kukusimulia vingine.

Visa vya panya kutuacha njiani ni vingi, nitaje viwili vya haraka. Jeni inayoongoza kuleta uziwi wa kuzaliwa Ulaya na sehemu kubwa ya Asia ni ya koneksini 26. Ukiiondoa kabisa kwa panya, hafi masikio, anakufa mwenyewe akiwa tumboni, maana kondo la nyuma la panya linaihitaji na letu halitegemei hivyo. (Kwetu Afrika jeni hiyo ni nadra, isipokuwa Ghana, ambako kuna kijiji cha Adamorobe kinachojulikana kwa wingi wa viziwi wake. Kwa hiyo ukiambiwa kipimo cha jeni "hakikuona kitu", ujue vipimo vingi vilipangwa kwa kufuata familia za huko, si za huku.) Cha pili: aina ya panya inayotumika kuliko zote duniani, ile nyeusi iitwayo C57BL/6, inabeba hitilafu ya jeni inayoifanya ianze kupoteza sauti nyembamba ikiwa na miezi michache tu. Asiyejua hilo anaweza kumlaumu dawa au kelele kwa uziwi ambao panya alizaliwa ameuandikiwa.

Pamoja na hayo yote simkatai panya. Mwaka 2017 muungano wa maabara za nchi kadhaa ulichapisha matokeo ya kupima usikivu wa aina 3,006 za panya, kila aina ikiwa imeondolewa jeni moja, na zikapatikana jeni 67 za uziwi, 52 kati yake zikiwa hazijawahi kuhusishwa na sikio. Na lipo lingine ambalo hukuliuliza ila litawafaa watu wazima wa nyumbani. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston waliwawekea panya kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Ndani ya wiki mbili vizingiti vilirudi mahali pake, seli zote zimo. Kwa kipimo cha hospitali, wamepona. Walipopasua na kuhesabu viunganisho kati ya seli za ndani na neva, katika sehemu iliyoumia karibu nusu vilikuwa vimepotea, na havikurudi. Masikio yakivuma baada ya kusimama kando ya spika za harusi, kisha asubuhi yakanyamaza, usiseme yamepona.

Nirudi kwa Salma. Nendeni hospitali mlikopimiwa mkaombe nakala za karatasi, zile zenye michoro, siyo barua ya daktari pekee. Ulizeni OAE ilifanyika lini na ilionekana au haikuonekana. Kama ilifanyika juzi tu, ulizeni kama ipo ya zamani, maana kwa watoto wa otoferlini na wa manjano mwangwi huo unaweza kuwapo utotoni ukafifia baadaye, na asiyejua ataandika kwamba koklea imekufa. Kama OAE iliwahi kuonekana huku ABR ikiwa bapa, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha jeni, na mtajieni otoferlini kwa jina. Ikiwa ndiyo, itamaanisha Salma amepokea nakala mbili mbovu, moja yako na moja ya baba yake, ninyi wenyewe mkiwa wazima. Nalisema mapema kwa sababu nimeona familia zikitafutana ubaya kwa jambo ambalo kila upande umechangia sawa bila kujua.

Lakini kipandikizi kisingoje kipimo hicho. Ubongo nao una umri wake. Watoto waliozaliwa viziwi wakapata kipandikizi kabla ya miaka mitatu na nusu hivi, ubongo wao kwa kawaida huipokea sauti vizuri; waliofika baada ya miaka saba mara nyingi husikia milio ila maneno hayashiki. Salma ana mwaka mmoja kufika huo mpaka wa kwanza, na mwaka wa hospitali, wa kusaka fedha na kungoja zamu, ni mfupi. Muhimbili walianza kuweka vipandikizi mwaka 2017, kwa hiyo safari ni ya Dar es Salaam, siyo ya India. Wakati mnatafuta fedha, avae shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, kama mtaalamu wa usikivu ameona inafaa, na muanze kujifunza Lugha ya Alama nyumbani, wote, pamoja na shemeji. Alama hazimzuii mtoto kusema, na Salma anahitaji lugha mwezi huu, iwe ya mdomo au ya mikono. Kama tatizo lake ni la manjano, mtaambiwa kwamba matokeo ya kipandikizi hutofautiana baina ya mtoto na mtoto. Ni kweli, nanyi muulizeni mpasuaji anatarajia nini kwa Salma hasa, baada ya picha ya neva yake.

Na kwa mume wako, ambaye nadhani hofu yake ni kwamba kipandikizi kitamfungia mtoto mlango wa dawa: mwaka 2023 katika Hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge, mtoto wa Kiingereza mwenye uziwi wa otoferlini, hajatimiza hata mwaka, aliwekewa jeni sikio la kulia na kipandikizi sikio la kushoto. Mzazi anayetaka kuacha nafasi anaweza kupandikiza upande mmoja na kuuacha wa pili. Upande gani, hilo mpasuaji ataamua akiona picha.

Mkishapata zile karatasi, niandikie ilichosema ya OAE, sikio la kulia na la kushoto, na tarehe yake. Jina la mtoto lifute kabla ya kutuma.